Stempu za zamani ukutani: uchukue printi ya skrini, ya mashine, au stempu zenyewe?

Siku hizi watu wengi wataka ile picha ya ukutani iliyofanywa kama stempu kubwa, ile yenye meno pembeni, jina la nchi juu na bei chini, na zinauzwa za aina nyingi mpaka mtu achanganyikiwa. Kuna za skrini, zilizochapwa kwa mkono nakala chache, zikatiwa namba na saini. Kuna za mashine zinazotoka kwenye printa kubwa ya wino. Na kuna wale wanaokwambia wachana na hayo yote, tafuta stempu za zamani zenyewe uzitie kwenye fremu, yaishe. Zote tatu zina mahali pake lakini bei zake hazikaribiani, na hewa yetu ya Mombasa haina huruma na karatasi, kwa hivyo ni vizuri ujue wanunua nini kabla hujatoa pesa.

Msimamo wangu nausema mapema: stempu yenyewe ndiyo iamue. Tazama ile stempu ya zamani ambayo mchoraji ameifuata, ilikuwa na rangi ngapi, ilikuwa ya mistari au ya vivuli, hapo ndo uchague printi. Wengi wanaanza na ukubwa wa ukuta au na bei, wanaishia kununua printi ya skrini ya picha ambayo ingependeza zaidi kwa mashine, ama wanachukua ya mashine kwa picha ambayo bila skrini inakufa kabisa.

Skrini na mashine zinavyofanya kazi

Ya skrini kama hujaiona ikifanywa, pita kwa hawa jamaa wanaochapa tisheti na jezi za timu za mtaa, kazi ni hiyo hiyo, tofauti ni karatasi na utulivu. Fremu ya mbao au aluminiamu imevutiwa kitambaa chembamba cha wavu mpaka kimekaza, kimepakwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga, mchoro umewekwa juu ukazuia mwanga, pale palipozuiwa dawa inaoshwa na maji na matundu yanabaki wazi. Wino unamwagwa upande mmoja, unavutwa na mpira mrefu, unapenya kwenye yale matundu na kukaa juu ya karatasi. Rangi moja, skrini moja. Ikiwa printi ina rangi nne basi karatasi ile imepita chini ya skrini mara nne, na kila mara fundi ameilinganisha upya ikae pale pale ilipokuwa. Si kazi ya jana hii, Samuel Simon wa Manchester alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, 1907, na 1962 msanii wa Marekani Andy Warhol akaanza kuchapa nyuso za kina Marilyn Monroe kwa skrini, ikaingia kwenye majumba ya sanaa kwa nguvu.

Mashine haina habari ya rangi moja moja. Inasoma faili, inanyunyiza vitone vidogo mno vya rangi kadhaa kwa pamoja, na jicho lako ndilo linalovichanganya. Rangi ya machungwa kwenye printi ya skrini ni wino wa machungwa uliokorogwa kwenye kopo, kwenye mashine ni vitone vya manjano na vya pinki iliyokolea vimekaa karibu karibu. Ukiwa mbali huoni tofauti kubwa. Ukisogea waiona.

Rudi kwenye stempu sasa

Stempu nyingi za zamani zimepangwa kama leso, zina pindo, zina mji, yaani picha ya katikati, zina jina. Na zile za rangi mbili, pindo na mji mara nyingi vilichapwa kwa mabamba mbali mbali, karatasi ikapita mara mbili, kila mara na rangi yake. Ndo maana Marekani 1918 walipotoa stempu ya senti 24 ya ndege, pindo jekundu na ndege ya buluu, karatasi moja yenye stempu 100 ikaingia imegeuzwa na ndege zote zikatoka kichwa chini, na leo hizo ni katika stempu zinazotafutwa zaidi duniani. Kosa lile lisingewezekana kama rangi zote zingepigwa kwa mpigo mmoja. Skrini inakwenda vile vile, rangi baada ya rangi, kwa hivyo mchoraji akichukua stempu ya rangi mbili akaifanyia printi ya skrini ya rangi mbili, anapita njia ile ile iliyoipa stempu sura yake. Hata ile nafasi ndogo nyeupe kati ya pindo na mji, ambayo kwenye stempu iliwekwa ili rangi mbili zisigongane, kwenye skrini ina kazi yake, kwenye mashine ni pambo tu.

Chukua zile za kwetu za mwanzo. Kampuni ya Imperial British East Africa, ambayo huku kwetu ilifanya shughuli zake hapa hapa Mombasa, ilitoa stempu zake 1890, jua lenye miale na taji, thamani kwa ana na rupia, pesa za wakati ule. Kila stempu wino wa rangi moja, nyengine wino mweusi juu ya karatasi ya rangi. Printi iliyotokana na hizi mie sioni kwa nini mtu ainunue ya mashine. Wino mmoja mzito juu ya karatasi nzuri ya pamba, miale ya jua ikiwa na kingo kali, hiyo ni kazi ambayo skrini iliumbiwa. Mashine itaijenga rangi hiyo kwa vitone na kingo za miale zitalainika kidogo, na kwenye mchoro ambao hauna kitu kengine isipokuwa kingo na rangi, huo ulaini wauharibu.

Halafu zile za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilitoka 1935 na kichwa cha Mfalme George wa Tano, na 1938 zikatolewa tena na George wa Sita, picha nyingi zikiwa ni zile zile. Ya senti 5 ilikuwa nyeusi na kijani, ya senti 50 zambarau na nyeusi, na zote mbili zina chombo cha tanga. Watu wa pwani tukiiona twasema hilo jahazi letu, lakini chombo kile kiko Ziwa Victoria, na muuzaji akikuandikia kwenye maelezo kwamba ni jahazi la Mombasa ujue hajaisoma vizuri stempu aliyoiiga, uliza maswali zaidi. Stempu hizi zimechongwa kwa mistari, maji ni mistari, mawingu ni mistari, hata kivuli cha tanga ni mistari iliyosogezwa karibu. Ukiikuza kutoka ukubwa wa kidole gumba mpaka nusu mita ile mistari yawa minene ya kutosha kupita kwenye skrini bila taabu, kwa hivyo hapa pia mimi ni skrini, rangi mbili, mwisho. Ila mchoraji awe ameichora upya mistari ile. Akiwa ameskani stempu tu akaikuza, utaona mistari imevimba na kuchakaa kwenye kona, na hapo hata skrini haimwokoi.

Sasa nenda 1971. Kenya ilitoa seti ya makombe ya baharini, michoro ya Rena Fennessy, na kwa mtu aliyekulia karibu na bahari hakuna seti tamu kama ile, simbi na kombe za kila namna zimechorwa na vivuli laini, rangi inaingia ndani ya rangi nyengine pole pole mpaka hujui wapi pinki imekwisha na wapi nyeupe imeanza. Hapa skrini inapata shida. Fundi ana njia mbili, ama aifanye kombe iwe bapa, rangi tano sita zilizokatwa, na hiyo yaweza kupendeza sana lakini ni mchoro mpya si ule, ama aivunje kwa vitone vikubwa vya rangi nne kama gazeti, na ukisogea utaviona. Mashine nzuri ya wino wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka, karatasi nzuri, ule ulaini wote utaupata. Mtu akiniuliza printi ya makombe yale namwambia chukua ya mashine bila kusita, na pesa iliyobaki itie kwenye fremu.

Kuna aina moja mimi naipenda kuliko zote nayo ni stempu zilizopigwa maandishi juu. Ile kampuni ya 1890 kabla ya stempu zake za jua ilitumia stempu za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Victoria zikapigwa jina la kampuni juu yake. Na Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizokuwepo za Sultani zikapigwa "JAMHURI 1964" juu, mambo yalikwenda mbio na stempu mpya zilikuwa bado. Mchoraji anayefuata stempu za namna hii kwa skrini, yale maandishi ndo skrini ya mwisho kabisa, yanakaa kweli juu ya rangi nyengine. Chukua printi kama hiyo uishike karibu na dirisha, uiinamishe mpaka mwanga uipige kwa ubavu, utaona herufi nyeusi zimeinuka juu ya karatasi na zinang'aa tofauti na rangi iliyo chini yake, na ukipitisha macho kwenye ukingo wa herufi unauona wino umeishia wapi. Kwenye mashine kila kitu kiko tambarare, maandishi na uso vimelala pamoja. Kwa stempu ambayo habari yake nzima ni kwamba kitu kimoja kimekuja juu ya kengine, sioni vipi mtu aridhike na tambarare.

Na hizi stempu za kubuni zinazouzwa sana sasa, Ngome ya Yesu na "Mombasa" chini, pembe za Moi Avenue, kivuko cha Likoni, nyingi zimechorwa kwa rangi bapa tangu mwanzo. Hizo skrini inaziweza vizuri, na za mashine pia si mbaya kama bajeti yako ni ndogo.

Meno

Hiki ni kitu kidogo lakini ndicho kinachonionesha kama mchoraji anajua stempu au anajua mapambo. Meno ya stempu hupimwa kwa idadi ya matundu ndani ya sentimita 2. Stempu ya kipimo cha 14 yenye upana wa milimita 25 ina meno kama 17 au 18 upande ule. Sasa tazama printi nyingi zinazouzwa, upande mzima una meno manane makubwa ya mviringo, na hapo ndo waona yafanana na kitu cha watoto, mtu haelewi kwa nini haimkai lakini macho yameshajua. Hesabu meno. Na ukiona printi iliyofuata Penny Black ya 1840, ile stempu ya kwanza ya Uingereza, halafu ina meno, ujue kazi haikutafitiwa, stempu ile ilikatwa kwa mkasi, Uingereza meno yaliingia rasmi 1854.

Meno yenyewe hufanywa kwa njia mbili. Kuna yaliyochapwa, yaani karatasi ina ukingo wa kawaida lakini rangi ya nyuma imeacha meno meupe. Na kuna yaliyokatwa kweli kwenye karatasi, kwa kisu cha mashine au kwa leza. Yaliyokatwa yana uzuri wake ukiyaweka kwenye fremu yenye kina, karatasi ikaelea na kivuli chake kikaanguka nyuma, lakini kwa hapa kwetu nasema angalieni, karatasi ikinyonya unyevu yale meno ndo ya kwanza kukunjika, na leza wakati mwengine huacha ukingo wa kahawia ulioungua. Kwa nyumba isiyokuwa na AC mimi nachukua yaliyochapwa.

Namba na saini

Printi ya nakala chache inaandikwa chini kwa penseli, mfano 17/60, maana yake hii ni ya 17 katika 60. Penseli kwa sababu haififii upesi na kwa sababu inaonekana kirahisi kwamba ni mkono wa mtu haukuchapwa. Watu wanapigania namba 1, lakini kwenye skrini namba ndogo haina ubora zaidi, skrini haichakai ndani ya nakala 60, hata mpangilio wa karatasi zikikaushwa huchanganyika. Chukua ile iliyochapwa vizuri. Ukiona A/P badala ya namba hiyo ni nakala ya msanii mwenyewe, huwa chache pembeni ya zile zilizohesabiwa, nazo ni halali kabisa.

Swali la maana ni hili: nini kinachozuia wasichape nyengine? Kwenye skrini kazi ikiisha dawa inaoshwa, wavu unarudi kuwa mtupu, kuzirudia rangi zote kwa mlingano ule ule ni kazi kama ya kuanza upya. Si kwamba haiwezekani, lakini ina gharama. Kwenye mashine faili liko pale pale, kesho wakitaka wachapa mia, kwa hivyo ule uchache unategemea ahadi ya muuzaji tu. Kwa hiyo printi ya mashine ukiuziwa kwa bei ya nakala chache, uliza kwa maandishi: nakala ngapi, ukubwa gani, na je mutatoa tena kwa ukubwa mwengine au rangi nyengine? Maana kuna wanaosema nakala 50, halafu 50 nyengine za buluu, halafu 50 ndogo, mwisho ni nakala mia na hamsini za picha moja.

Na kujua kama kweli ni ya skrini huhitaji mtaalamu. Chukua kioo cha kukuza, hata kamera ya simu ukisogeza mpaka mwisho, tazama mahali penye rangi moja tupu. Skrini itakuonesha rangi imejaa, hakuna vitone, na kwenye kingo pengine utaona meno madogo sana ya wavu. Pale rangi mbili zinapokutana tazama kama kuna mstari mwembamba mweusi zaidi, hapo wino mmoja umepanda kidogo juu ya mwengine makusudi ili karatasi nyeupe isichungulie. Kwenye mashine hata pale penye machungwa matupu utaona vumbi la rangi mbali mbali. Kuna printi za skrini pia zenye vitone, lakini vitone vyake vikubwa na vimepanga foleni.

Hewa ya Mombasa

Hapa ndo nataka nikae kidogo, kwa sababu ulinganisho mwingi unaousoma umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wao wanaogopa jua tu. Sisi tuna jua, tuna unyevu, tuna chumvi, na tuna kuta za Mji wa Kale za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo mvua za masika zikija zinakaa na maji ndani.

Printi ya skrini ina wino mzito na huwa kwenye karatasi nzito, gramu 250 au 300, kwa hivyo yenyewe haitetereki upesi. Udhaifu wake ni sehemu iliyojaa wino mwingi upande mmoja, karatasi ikivuta unyevu upande wenye wino hauvuti sawa na usiokuwa nao, ikapinda. Rangi zake nyingi zastahimili mwanga ila zile za kumeremeta, pinki na machungwa ya kung'aa kama kalamu ya kupigia mistari, hizo hufifia haraka, na stempu za kubuni siku hizi wazipenda sana. Ukiwa na ukuta unaopigwa na jua la asubuhi usiziweke hapo.

Ya mashine yategemea wino. Pigmenti inakaa miaka, lakini printa za bei rahisi zinatumia wino wa rangi iliyoyeyuka, huo jua na unyevu wa hapa wauchosha haraka, na tone la maji likianguka linaacha alama. Muulize muuzaji wazi wazi ni pigmenti au la, na akisita jibu ushalipata.

Stempu zenyewe ndo zenye taabu kubwa. Ambazo hazikutumika zina gundi nyuma, na gundi hiyo yavuta unyevu wa hewani, ikivuta inanata, stempu zinashikana ama zinagandama kwenye kioo na hapo ushapoteza. Zilizotumika, zenye muhuri wa posta, kwa kawaida hazina gundi kwa hivyo ni salama zaidi kwa fremu, na mimi naona ni nzuri zaidi pia, muhuri wenyewe ni nusu ya picha.

Kwa zote tatu, kazi ya fundi wa fremu ndo inayoamua zitaishi vipi. Mafundi wetu wa fremu ni hodari wa mbao, lakini wengi wamezoea picha za harusi na mabango, kwa hivyo wakiona karatasi wanataka kuipaka gundi nyuma nzima iwe tambarare. Nilimsikia mmoja akimwambia mteja, "Mama, nikiigundisha yote haitojikunja hata siku moja," na ni kweli haitojikunja, lakini printi ya nakala chache iliyogundishwa haitoki tena na thamani yake imekwisha hapo. Mwambie, "Fundi, naomba uishike juu tu, sehemu mbili, iachwe ining'inie." Ashike kwa ukanda wa karatasi usiokuwa na asidi, si selotepu, selotepu huwa ya manjano na kuacha doa ambalo halitoki. Kioo kisiguse karatasi, weka kadibodi ya kuzunguka, nayo iwe isiyokuwa na asidi la sivyo baada ya muda utaona mstari wa kahawia kuzunguka picha nzima. Nyuma ya fremu pale kona za chini bandika vipande viwili vya mpira au koki, fremu isilale ukutani, hewa ipite. Na ukikaa Mji wa Kale, tundika kwenye ukuta wa ndani kati ya chumba na chumba, usitundike ule unaopigwa na mvua.

Sasa stempu zenyewe kwenye fremu, ni wazo zuri?

Ni zuri kwa mtu mmoja, yule anayependa kusogea. Stempu ni kitu cha kushika mkononi, ukiitia kwenye fremu kubwa ukutani kutoka kwenye kochi huoni kitu ila miraba midogo. Lakini weka sita au tisa zilizotumika kwenye fremu ndogo juu ya meza ya kazi au kwenye ukuta wa korido ambapo mtu lazima apite karibu, zinapendeza, na nyengine zina habari ndani yake. Katika ile seti ya makombe ya 1971 kuna ya senti 70 ya nautilus ambayo jina la kisayansi liliandikwa "pompileus", baadaye ikachapwa tena kwa herufi sahihi, "pompilius". Zikae mbili bega kwa bega na mgeni ataitafuta tofauti dakika tano. Hilo printi kubwa haikupi.

Za adimu usizitie ukutani lakini. Ukibahatika na za kampuni ya 1890 zilizo safi, ziweke kwenye albamu mahali pakavu pasipo mwanga, na ukutani weka printi yake ya skrini. Mimi naona huo ndo mpango bora kwa mtu anayependa vyote viwili.

Pesa

Bei ya skrini inapanda kwa rangi. Kila rangi ni skrini mpya, dawa mpya, wino mpya, na karatasi chache zinazoharibika wakati wa kulinganisha. Kwa hivyo printi ya rangi mbili kuuzwa sawa na ya rangi saba, uliza kwa nini, pengine karatasi ni bora au msanii ana jina, lakini uliza. Ya mashine haijali rangi ngapi, yenyewe inapanda kwa ukubwa na karatasi. Ndo maana ukitaka kitu kikubwa sana, mita na zaidi, cha hoteli au ofisi, mashine inashinda kirahisi, na ukitaka kitu cha nusu mita cha rangi mbili tatu tofauti ya bei hupungua na hapo skrini yastahili kila shilingi.

Usisahau fremu kwenye hesabu. Nimeona watu wanabana kwenye printi halafu fremu nzuri yenye kina na kioo inagharimu sawa na printi yenyewe. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja kizuri, nunua printi ya skrini ndogo na fremu sahihi, kuliko printi kubwa na fremu ya kubahatisha.

Zawadi ya harusi au ya mtu anayehama mji, mimi nampa ya skrini yenye jina la Mombasa ndani yake, rangi chache, na karatasi ya uthibitisho ya muuzaji ikae kwenye bahasha nyuma ya fremu. Chumba cha watoto, ya mashine, maana mikono itafika na utabadilisha baada ya miaka mitatu. Nyumba ya kukodisha wageni kule Nyali au Bamburi, ambapo AC yazimwa wageni wakitoka na madirisha yafungwa wiki nzima, pia ya mashine, tena tambarare yenye meno ya kuchapwa, kwa sababu huwezi kuwa unaikagua kila mara. Sebuleni kwako, ukuta utakaoutazama kila siku, usihangaike na kengine, skrini ya rangi mbili au tatu iliyofuata stempu ya mistari.

Ukiwa unaagiza na huwezi kuishika kwanza, mwombe muuzaji picha mbili, moja ya kona ya chini yenye namba na saini, na moja iliyopigwa mwanga ukitoka ubavuni ili uone kama wino umeinuka. Ikifika imeviringwa ndani ya bomba la kadibodi usiifungue kwa haraka na kuikunjua kinyume, wino mzito unaweza kupasuka. Iache ifunguke yenyewe juu ya meza safi, iwekee karatasi safi juu na vitabu, siku mbili, kisha ndo umpelekee fundi, na umpelekee wakati wa kiangazi kama unaweza kungoja, maana karatasi ikifungiwa kwenye fremu siku za mvua ule unyevu unafungiwa nao ndani.